Bi-ko Amepata Kwao

Chiayi, Taiwan
Jumapili mchana

Kwa Dada Hsiu-yun,

Salamu zangu zikufikie huko Osaka wewe, shemeji Hayato na mpwa wangu Mio. Natumaini kikohozi ulichoondoka nacho baada ya mazishi kimekwisha, na kwamba Mio ameanza kuizoea shule mpya. Ukiniuliza mimi, mimi nipo. Nakula, nalala, naenda kutengeneza lifti za watu, narudi. Siumwi popote. Ila tangu mazishi ya Mama mwili wangu wote umekuwa kama ufizi uliodungwa sindano ya ganzi: unajua upo, lakini hata ukiubonyeza husikii kitu. Sisemi haya ili unihurumie. Umeniuliza mara nyingi kwenye simu ninaendeleaje, nami nikajibu salama, basi nimeona nikujibu vizuri mara moja.

Nimeandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu unajijua, Dada. Kwenye simu mtu akisema neno moja usilolipenda, unamkatiza kabla hajafika kwenye la pili. Karatasi haikatizwi. Nakuomba uisome yote mpaka mwisho, ndipo unikasirikie.

Habari zenyewe ni za Bi-ko. Siku ile unaondoka, ukiwa umeshika begi, uliniambia nimtafutie mbwa wa Mama mahali pazuri. Nikasema sawa. Wakati ule ungeniambia niuhamishe mlima ningesema sawa vilevile. Mwenye nyumba ametustahi, amesema atatusubiri mpaka tumalize ibada ya siku ya mia ya Mama, kisha anaitaka nyumba yake. Mimi chumba changu cha kupanga hakiruhusu hata kasuku. Ina maana kwamba siku ya mia ikipita Bi-ko hana kwao, anarudi kwenye kituo cha mbwa cha manispaa, kule kule Mama alikomtoa zikiwa zimebaki siku chache adungwe sindano ya kufa. Siku hizi hawaui tena, ni kweli. Lakini mbwa wa miaka kumi na moja, mweusi, nani atakwenda kumchagua? Atakaa ndani ya wavu mpaka afe mwenyewe.

Na kama angekuwa mzee mtulivu, pengine ningempata mtu mapema. Huyu Bi-ko ni mzee wa midevu tu. Kidevu kimejaa mvi, ila miguu haina habari. Asubuhi asipokimbia mpaka mtoni na kurudi, anavua viatu vyote vilivyopo mlangoni na kuvipeleka bafuni. Nimelala naye kwenye nyumba ya Mama tangu uondoke, na sina hata jozi moja ya ndala iliyo nzima.

Watu wa kwanza kumchukua walikuwa Mwalimu Tu na mkewe, wastaafu wanaoishi Minxiong kando ya mashamba ya mpunga. Walikuja na nguo zao za kutokea, wakaniambia wanataka mzee mwenzao, mbwa wa kulala miguuni wakati wanatazama televisheni. Niliwaeleza kwamba huyu uzee wake ni wa kwenye karatasi. Wakatabasamu tu, kama watu wanaosikiliza bei ambayo wamekwisha kuikubali. Asubuhi ya kwanza tu Bi-ko akamwona korongo shambani. Mwalimu hakuiachia kamba, maskini, akaburutwa pamoja na kandambili zake mpaka ndani ya mfereji wa maji. Walimrudisha wakiwa wamebeba boksi la keki za nanasi, nami nilipoliona tu lile boksi nikajua. Mwalimu akainama, akasema, "Bwana Liao, utusamehe. Huyu si mzee mwenzetu. Huyu ni kijana aliyeota mvi."

Wa pili alikuwa Bwana Hou, mwenye ule mkahawa wa wali na nyama ya bata mzinga karibu na stesheni. Alisema anahitaji mbwa mchangamfu, nikafurahi, yaani nilijua kwamba hapa mtu hufurahi. Nilipopita siku chache baadaye kula, nikasikia Bi-ko yuko nyuma ya jiko. Nikaenda. Alikuwa amefungwa kwa mnyororo kwenye mitungi ya gesi, na kwa kuzunguka palepale alikuwa amekwangua ardhi ikawa duara. Hakubweka aliponiona. Nilimwuliza Bwana Hou kulikoni, akanishangaa: "Mbwa ni mbwa, bwana! Ulitaka nimlaze na mke wangu?" Wahudumu wakaangua kicheko. Nikafungua mnyororo, nikamtoa, wala sikugombana na mtu. Najua zamani ningepiga meza. Safari hii mikono ilifanya kazi yake peke yake na mimi nikaifuata.

Baada ya hapo zikawa simu tu. Kijana akisikia miaka kumi na moja, anakata. Mzee akisikia anakimbia, anakata. Nilikuwa nimeshaanza kujiambia kwamba hata kituoni wanapewa chakula, na neno hilo lilinipita mdomoni bila hata kunichoma. Ndiyo maana nilishukuru Shangazi A-kuei alipokuja, japo alikuja kunigombeza.

Unamjua jirani yetu huyu, habishi hodi. Aliingia na sufuria la supu ya machipukizi ya mianzi, akaliweka mezani, akaanza. "Ebo! Nasikia umeshampeleka mbwa wa mama yako kwa watu wawili. Umemwuliza mwenyewe?" Nikamwuliza mwenyewe ni nani tena. Akanitazama kama alivyokuwa akitutazama tukimkanyagia vitunguu vyake. "Mama yako, wewe! Kwani mtu akifa ananyang'anywa mali yake? Unagawa mbwa wa watu kienyeji namna hiyo, unategemea akae huko? Ndiyo maana anarudi kila mara kama deni." Na kweli, Dada, hilo halikunijia akilini. Nimemwashia Mama udi kila asubuhi, nimembadilishia chai, nimemwekea mapera anayoyapenda, lakini kumwuliza jambo sikumwuliza hata mara moja. Sisi sote tumekua tukiona watu wanaowauliza marehemu wao mpaka rangi ya kupaka choo, na mimi nikamfanya Mama kama hayupo.

Shangazi akakimbia kwake akaleta vile vibao vyake viwili vyekundu vya kuulizia, vilivyochongwa kama mwezi mchanga. Nikawasha udi, nikapiga magoti mbele ya picha ya Mama. Wewe umekaa Japani mpaka labda umesahau: unauliza, unavidondosha sakafuni, kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, jibu ni ndiyo. Vyote kifudifudi, hapana. Vyote chali, anakucheka. Nikaanza na mimi mwenyewe: Mama, nihame chumba, nikae naye mimi? Vyote kifudifudi. Haya. Nikauliza: aende Osaka kwa Dada? Vikalala chali vyote viwili, na Shangazi naye akacheka kwa niaba yake. "Hivi atajifunza saa ngapi kubweka Kijapani!" Nikauliza kuhusu Shangazi mwenyewe. Hapana. Shangazi akashusha pumzi bila hata kujificha, akasema, "Mama yako alikuwa na akili sana." Nikamtaja bosi wangu, nikataja watu wa hekaluni, nikamtaja mpaka daktari wa mifugo. Hapana, kicheko, hapana.

Shangazi akaacha kucheka. Akasema ninamwuliza Mama kuhusu watu wangu mimi, nimwulize kuhusu watu wake yeye. Nikamwambia Mama hakuwa na watu wengine, alikuwa na sisi. Akaanza kupangusa majivu ya udi kwa kidole, mezani palipokuwa pasafi, akasema, "Haya. Kama unajua wewe." Magoti yalikuwa yananiuma na supu inapoa. Nikasema, si kwa imani bali kwa kuchoka tu, kama mtu anayejibu mtihani kwa kubahatisha: au nimpeleke kwa yule mtu?

Ndiyo, Dada. Yule mtu. Sijamwita hivyo kwa kumkejeli, ndivyo ulivyotuagiza tumwite.

Kimoja chali, kimoja kifudifudi.

Nikarudia, maana mara moja ni bahati. Ndiyo. Nikavitikisa vizuri, nikavirusha juu zaidi kuliko inavyopasa. Ndiyo tena. Nikamgeukia Shangazi anicheke, nikamkuta ameshalibeba sufuria lake, eti anakwenda kuipasha moto supu, na hakurudi nayo.

Najua ulipofika hapa umesimama. Kaa, tafadhali. Ningekuwa na hisia zangu zote ningeogopa, ningekupigia simu kwanza, ungesema thubutu, na mambo yangeishia hapo. Ila nilikuwa mtu wa ganzi, na mtu wa ganzi ukimwambia nenda, anakwenda. Nilikuwa nimefanya kazi Jumapili, kwa hiyo nikapewa Jumatano kupumzika. Nikampakia Bi-ko kwenye skuta ya Mama, akasimama pale mbele kwenye miguu kama alivyozoea, tukaelekea milimani Meishan. Sote tunajua anakoishi. Tumejua miaka yote, ndani ya kile kibanda cha chai cha marehemu baba mdogo. Kujua hakujawahi kutugharimu kitu.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwenye kona. Bi-ko alikuwa anaegemea upande kabla mimi sijakata usukani. Nikadhani ni mazoea ya skuta. Jambo la pili ni pale njia panda chini ya hekalu, niliposimama kumwuliza mama mmoja anayeuza tambuu. Kabla sijamaliza kuuliza, mbwa ameruka chini, ameshika kinjia cha kulia. Anakwenda, anageuka kunitazama, anakwenda. Yule mama akacheka: "Mfuate huyo, anajua kuliko mimi!" Nikaiacha skuta na kofia nikakimbia nyuma yake, ngazi kwa ngazi kati ya michai, mpaka nikaona bati la kile kibanda. Bi-ko hakusimama uani. Alikwenda moja kwa moja kwenye bakuli lililokuwa chini ya bomba, akanywa maji. Bakuli la mbwa, Dada, kwenye nyumba ya mtu asiye na mbwa.

Ndipo yule mtu akatoka. Amezeeka, mgongo umepinda kidogo, ila nywele zimekatwa vizuri. Alitoka kwa haraka, anatabasamu, na hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama nyuma yangu, kwenye ngazi, anamsubiri mtu mwingine amalize kupanda.

Hakujua. Hakuna aliyemwambia. Wewe ulisema kwenye mazishi asiambiwe, mimi nikasema sawa, na Shangazi A-kuei alikuwa hana namba yake. Nimemwuliza Shangazi jana kwa nini hakufungua mdomo. Amesema Mama alimwapisha, na kwamba pale mazishini wewe ulisimama mlangoni kama polisi. "Sikusema mimi," akaniambia. "Amesema mwenyewe."

Unayakumbuka yale madumu ya maji ya chemchemi? Kila Jumatano Mama alikuwa anakwenda kuchota maji hekaluni milimani, akisema mbwa lazima akimbie na maji ya mjini hayafai kwa chai. Hata wewe ukija likizo ulikuwa unasema chai haina ladha kama ile mahali popote, ukabeba chupa mbili mpaka uwanja wa ndege wakakunyang'anya. Ni maji ya bomba lile la Baba. Miaka tisa, kila Jumatano. Baba ameniambia kwamba Mama alipokwenda kituoni kuchagua mbwa aliwaomba wampe yule asiyetulia kabisa, yule atakayemsumbua mpaka atoke nje. Alitaka sababu ya kutoka. Mama yetu, mwanamke mzima mwenye mjukuu, alikuwa anajificha kwa wanawe kama msichana anavyowaficha wazazi.

Nilimwuliza walikuwa wanafanya nini. Akasema hakuna, walikuwa wanakunywa chai, Mama anamkata nywele, anamkaripia kwa uchafu wa jiko, mbwa anakimbia michaini mpaka jioni, wanateremka. Nikamwuliza kama basi Mama alikuwa amemsamehe. Akacheka kidogo. "Mama yako? Kila Jumatano aliniambia hajanisamehe. Halafu ananiuliza chai iko wapi."

Kofia ya Mama ya mianzi iko kule kwenye msumari. Kandambili zake ziko mlangoni, nzima.

Lakini hayo ya kucheka yalikuja baadaye. Kwanza ilibidi nimwambie. Nilisimama pale uani sina pumzi, naye anatazama ngazi, akaniuliza mama yuko wapi, amechoka kupanda? Nikasema, "Baba, Mama amefariki." Unajua, Dada, yalikuwa maneno ambayo sikuwahi kuyatamka. Hapa mjini kila mtu alijua kabla yangu, hospitali walituambia wao, wageni walikuja wamekwisha kuvaa nyeupe. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Niliposema tu nikasikia mdomo wangu wenyewe, nikalia. Nililia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya mtu tuliyekubaliana kutomsemesha, na yeye akanishika kichwa, akakibonyeza kifuani kwake, kifua kinanuka moshi wa kukaushia chai. Yeye hakulia mbele yangu. Aliuliza kama aliumia. Nikamwambia hapana, alilala mchana na moyo ukasimama. Akauliza nani alimvalisha. Nikamwambia Hsiu-yun. Akasema, "Vizuri. Hsiu-yun ana mkono mzuri."

Sasa neno lenyewe, ambalo ndilo limenifanya nikae chini kuandika, na ambalo nimelizunguka tangu ukurasa wa kwanza. Jumatano ya kwanza Mama alipokosa kutokea, Baba aliipigia simu ya Mama. Mimi nilikuwa nimeizima na kuiweka kabatini. Akapiga wiki ile nzima. Hakuja mjini, hakuuliza mtu. Nikamwuliza kwa uchungu kwa nini hukuja, angalau ungesimama mbali. Akasema alidhani wewe umejua. Alidhani Hsiu-yun amegundua, amemkataza mama yake, na Mama ametii, kama alivyotii mara ile ya kwanza Baba aliporudi nyumbani, ulipomwambia achague kati yake na wewe. Mama alikuwa amemwambia mapema: siku Hsiu-yun akijua sitakuja tena, kwa sababu ataacha kunipigia simu, na mimi siwezi kukaa bila kusikia sauti ya mwanangu. Basi Jumatano zote hizo Baba alichemsha maji, akaketi, akajiambia kwamba mkewe yuko hai na ameamua kukusikiliza wewe. Aliniambia hakukasirika. Alisema, "Nilijua nilichofanya. Binti ana haki yake."

Sikuandikii haya nikuhukumu. Ulikuwa na miaka ishirini Baba alipoondoka na yule mwanamke, wewe ndiye uliyefanya kazi usiku kiwandani ili mimi nisome, na ulisimama mbele ya Mama kumkinga asiumizwe mara ya pili. Ningekuwa wewe ningefanya hayohayo. Nasema tu kwamba Mama alikuogopa, Dada. Alikupenda na alikuogopa, na raha yake ndogo aliyokuwa nayo aliificha milimani ili wewe usiione. Nimejaribu kutafuta namna laini ya kulisema hili na sikuipata.

Bi-ko amebaki kule. Nilipotaka kuondoka nilimwita, akaja mpaka ngazi ya kwanza kunisindikiza kwa adabu, kisha akarudi mbio kuwafukuza ndege kwenye michai. Baba anapanda na kushuka ule mlima kila siku kutazama mashamba, na mbwa anamtangulia kila mahali. Kwa hiyo katika lile uliloniagiza, uwe na amani. Ganzi yangu haijaisha yote, inakwenda na kurudi, ila jana nilikula supu ya Shangazi nikasikia chumvi imezidi, nikamwambia, akanitukana, nikafurahi.

Limebaki moja. Baba aliniomba ruhusa ya kuja siku ya mia kumwashia Mama udi. Alisema wewe ukikataa atasimama ng'ambo ya barabara, hatamsogelea mtu. Alitaka nikuulize kwanza, nimletee jibu lako.

Sikuulizi. Nimemwambia aje, aingie ndani, akae mbele pamoja na sisi, na avae shati jeupe ambalo Mama alimpigia pasi akaliacha kule. Nitakwenda kumchukua mwenyewe asubuhi. Ukimkuta ukakasirika, nikasirikie mimi. Ukigeuka kurudi uwanja wa ndege, nitasikitika sana, lakini sitamtoa. Mimi ndiye niliyetumwa kumrudisha kituo cha basi mara ile, na sitaifanya kazi hiyo mara mbili. Njoo, Dada. Nakuomba njoo, ukamwambie hujamsamehe. Ameshazoea kuambiwa, na sasa hana wa kumwambia.

Msalimie sana shemeji, umwambie dawa ya mgongo aliyoniletea imenifaa. Mbusu Mio kwa niaba ya mjomba wake. Mkija leteni nguo nyepesi, joto limeshaanza, na Shangazi A-kuei anasema mchukue mkebe wa ile chai ya huko mji wa Uji ambayo Mama aliipenda, anayo sababu yake. Wote hapa mtaani wanakutakia afya.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Tsung-yen